Sakafu ya Pikapu: Historia ya Bati, Kutu na Mafundi



Katika kijitabu cha ukumbusho wa miaka 10 ni desturi kuandika habari za bei, za hesabu ya magunia, na za majengo yaliyosimamishwa kwa jasho la wakulima. Habari hizo ni njema na zafaa kusomwa. Lakini kati ya mizani ya chama cha msingi na mlango wa ghala kuu kuna safari. Na katika safari hiyo mazao yetu yote hulala juu ya kitu kimoja ambacho hakitajwi katika hotuba yo yote, nacho ni sakafu ya pikapu. Bati lile likiwa zima, hapana anayelikumbuka. Likiliwa na kutu, huanza kula mali ya mkulima kidogo kidogo, nasi twajua ya kuwa bandu bandu huisha gogo.

Tena hasara yenyewe haiishii katika punje zinazomwagika njiani. Gunia likisuguana na ncha za bati lililotoboka, hutoboka nalo. Uzito wa ghalani basi hukataa kulingana na uzito ulioandikwa chamani. Hapo karani hushukiwa, dereva hushukiwa, na mkutano wa wanachama hugeuka kuwa baraza la mashtaka, hali mwizi ni tundu lenye upana wa vidole viwili lililojificha chini ya turubali. Kwa hiyo yafaa tuijue historia ya sakafu hii: imetoka wapi, kwa nini huoza, na watu wa zamani na wa sasa wameitengeneza kwa njia gani.

CHUMA NA ASILI YAKE

Kutu si ugonjwa uliokuja na motokaa. Ni tabia ya chuma tangu mwanzo. Jiwe la chuma linalochimbwa ardhini kwa kawaida ni chuma kilichoshikamana na hewa ya oksijeni. Katika aina moja iliyo nyingi sana, kila sehemu 10 za uzito, 7 ni chuma na 3 ni oksijeni. Kazi ya mhunzi ni kuitoa oksijeni hiyo kwa moto wa makaa. Mvua nayo, ikisaidiwa na hewa, huirudisha. Chuma kinachopata kutu ni chuma kinachorudi kuwa udongo kilimotoka.

Wazee wetu waliijua kazi hii vema. Katika nchi ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, wataalamu wa mambo ya kale walifukua mabaki ya tanuru za kuyeyushia chuma zenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Mahali pamoja panapojulikana sana ni Katuruka. Katika Ufipa wahunzi walijenga tanuru za udongo ndefu kuliko kimo cha mtu, ambazo zilivuta hewa zenyewe pasipo mvukuto. Katika Ugweno, Upare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na chuma chao kiliuzwa hata kwa Wachaga. Jembe la mhunzi lilipoliwa na udongo halikutupwa. Lilirudishwa motoni likawa kisu au kichwa cha mshale. Kutengeneza upya, basi, si desturi ya umaskini iliyoletwa na magari makuukuu. Ni elimu ya kale ya nchi hizi.

KUTOKA KICHWANI HADI GARINI

Kabla ya reli na barabara, mazao yalisafiri juu ya vichwa vya watu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika Kisumu katika mwaka wa 1901, na tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza katika mwaka wa 1928. Lakini reli haipiti mlangoni pa mkulima. Kutoka shambani hadi stesheni mzigo ulibaki kichwani, au juu ya punda, au katika mkokoteni wa ng'ombe.

Mwaka wa 1925 una mambo mawili yanayotuhusu. La kwanza lilitokea Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa waliunda chama chao cha kulinda na kuuza zao hilo. Ulikuwa ni mwanzo wa njia iliyofika kwenye Kilimanjaro Native Co-operative Union, iliyoandikishwa mwaka wa 1933 chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1932. La pili lilitokea Marekani. Katika mwezi wa Aprili, kampuni ya Ford ilianza kuuza gari dogo la Model T likiwa na sanduku la mizigo lililotengenezwa kiwandani, kwa bei ya dola 281. Hapo kwanza mtu aliyetaka gari la namna hiyo alinunua gari tupu, akampa seremala kazi ya kumfungia sanduku la mbao nyuma yake. Tangu mwaka huo pikapu ikawa bidhaa kamili ya kiwandani, yenye mlango wa nyuma unaofunguka na springi imara za kubebea mzigo.

Wakulima wa Kilimanjaro na mafundi wa Detroit hawakujuana. Lakini miaka ilipopita, kazi yao ilikutana. Bukoba Native Co-operative Union iliandikishwa mwaka wa 1950. Katika nchi ya pamba, kusini ya Ziwa Victoria, Victoria Federation of Co-operative Unions iliundwa mwaka wa 1955, na Bwana Paul Bomani alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuiongoza. Kila vyama vya msingi vilipoongezeka, haja ya magari nayo iliongezeka; na kila gari lilikuja na sakafu yake na adui wa sakafu hiyo.

MBAO, CHUMA, ALUMINI NA ZINKI

Watengenezaji wa magari walijaribu sakafu za namna nyingi. Namna ya zamani ilikuwa ya mbao ndefu zilizolazwa kwa urefu wa gari, na kati ya ubao na ubao kukapigwa ukanda wa chuma ili mzigo uteleze. Sakafu ya mbao haina kelele, haipindiki kwa pigo la jiwe, na ubao mmoja ukioza huondolewa peke yake. Kampuni ya Chevrolet iliendelea kutumia mbao katika baadhi ya pikapu zake hata miaka ya 1980.

Sakafu ya bati ilipendwa kwa sababu mashine huipiga mara moja ikawa tayari. Bati hukunjwa mifereji ili lipate nguvu bila uzito mwingi, maana bati tupu lenye unene wa milimita 1 hupindika kwa urahisi. Chini yake huwekwa mihimili ya kukingama, mfano wa mataruma ya jahazi, iliyofungwa kwa bolti juu ya chesesi. Mifereji ile ile iliyolipa bati nguvu ndiyo inayoshika maji na matope, na pale bati linapolalia taruma hubaki mwanya mwembamba ambamo unyevu hukaa siku nyingi baada ya jua kuwaka. Kutu ya pikapu huanzia hapo, nayo huanzia chini, mahali asipoangalia mtu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa haba katika Uingereza. Kwa sababu hiyo gari la Land Rover, lililoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka wa 1948, lilivikwa bodi ya alumini iliyochanganywa na madini mengine. Alumini haipati kutu nyekundu, na watu wengi wakadhani adui ameshindwa. Lakini mahali alumini inapogusana na chuma, maji yakiingia kati, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Madini mawili yasiyolingana hayakai pamoja kwa amani katika maji.

Tabia hiyo hiyo yaweza kutumiwa kwa faida. Katika mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya haki ya kukilinda chuma kwa kukivika zinki. Zinki huliwa kwanza, na chuma hubaki salama maadamu zinki ipo. Ndiyo sababu mabati ya nyumba zetu hudumu miaka mingi katika mvua. Magari ya kazi yaliyofika kwetu kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, kama Peugeot 404 na Toyota Hilux iliyoanza kuuzwa Ujapani mwaka wa 1968, yalikuja na bati lililolindwa hasa kwa rangi. Rangi ikichubuliwa na jembe, pipa au gunia lililoburutwa, ulinzi umekwisha.

KUTU MBILI ZA MKULIMA

Hapa mkulima ana shida ambayo mwenye gari la matembezi haijui. Mizigo yetu yenyewe ni chakula cha kutu. Mbolea ya chumvichumvi huvuta unyevu wa hewani, na ikimwagika katika mifereji ya bati hufanya maji makali yasiyokauka upesi. Samadi na kahawa mbichi iliyotoka kuchumwa huacha maji yenye uchachu. Chumvi ya mifugo hufanya kazi ile ile inayofanywa na upepo wa bahari katika miji ya pwani.

Lakini mfano ulio mkubwa ni mrututu. Wakulima wa kahawa wanaijua kutu nyingine, ile ya majani, iletwayo na kuvu. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, ilionekana mwaka wa 1869, na katika miaka iliyofuata iliangamiza kilimo cha kahawa hata wenye mashamba wakageukia chai. Dawa zilizotumiwa sana dhidi ya kuvu hizo zilitokana na shaba. Mchanganyiko wa mrututu na chokaa ulitangazwa Ufaransa mwaka wa 1885 kwa ajili ya mizabibu, kisha ukaenea hata katika kahawa. Sasa, mtu na atie msumari safi katika maji ya mrututu. Baada ya muda mfupi atauona umevikwa shaba nyekundu. Na kwa kila kiasi cha shaba kilichotua, chuma kimeyeyuka majini. Hayo ndiyo yanayotokea mfuko wa mrututu unapopasuka garini na kuloa mvua. Dawa ya kutu ya majani huwa chakula cha kutu ya bati. Gari lililobeba mrututu au mbolea lisilale bila kuoshwa.

MAFUNDI NA ZANA ZAO

Zamani bati lililotoboka lilitengenezwa kwa ribiti. Fundi alikata kiraka, akatoboa matundu pande zote, akapigilia ribiti kwa nyundo. Kazi hiyo ilikuwa imara, lakini kila tundu la ribiti lilikuwa mlango mpya wa maji.

Mabadiliko yalikuja na moto wa gesi. Mwaka wa 1903, huko Ufaransa, Edmond Fouché na Charles Picard walitengeneza mwenge wa kuchoma oksijeni pamoja na gesi ya asetilini, ambayo hupatikana kwa kutia maji katika mawe ya kabaidi. Umeme nao ulikuwa umekwisha kujaribiwa: Nikolai Benardos wa Urusi aliunga chuma kwa moto wa umeme mwaka wa 1881, na Oscar Kjellberg wa Sweden alifaulu kuzipaka fito za kuchomelea dawa ya kukinga chuma kilichoyeyuka katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Kutoka hapo bati liliweza kuungwa na bati likawa kitu kimoja.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii ilienea kwa njia ya karakana za reli, za mashamba makubwa na za serikali, na kwa mafundi wenye asili ya Bara Hindi waliokuja na reli wakakaa. Vijana waliofanya kazi chini yao walitoka na ujuzi mikononi. Nchini Kenya mafundi hao waliofanya kazi nje, pasipo paa, walipata jina la jua kali. Na wale wa Kamukunji, Nairobi, wamekuwa maarufu kwa kufua bati. Nchini Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka wa 1973 ili kuwasaidia watu wa namna hii.

Hawa ndio waliookoa magari ya nchi katika miaka ya shida. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka wa 1973 na tena mwaka wa 1979, fedha za kigeni zilikuwa haba na vipuri vikaadimika. Tanzania ilikuwa imekwisha kuvunja vyama vikuu vya ushirika mwaka wa 1976, na kazi zao zikatwaliwa na mamlaka za mazao na vijiji. Sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha. Chama hurudishwa kwa sheria, lakini gari lililokwisha kuliwa halirudi kwa sheria. Lilihitaji fundi mwenye nyundo na mwenge.

KIRAKA KILICHO CHEMA NA KIRAKA KILICHO KIBAYA

Historia ya mafundi hawa yatufundisha kutofautisha kiraka na kiraka. Kiraka kibaya ni bati jipya linalolazwa juu ya bati bovu na kuchomelewa pembeni. Siku ya kukabidhiwa hung'aa, na halmashauri hutia sahihi kwa furaha. Lakini kati ya mabati mawili maji yamefungiwa pamoja na kutu ya zamani; na kutu, ambayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huyasukuma mabati yaachane. Mataruma yaliyo chini huendelea kuoza gizani, hata siku moja sakafu yote hushuka pamoja na mzigo.

Kiraka chema huanzia chini. Fundi huosha gari, hulala mgongoni, hugonga chesesi na mataruma kwa nyundo, na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya debe bovu. Chesesi ikiwa imeliwa, matengenezo ya sakafu yasianzwe, maana kuezeka nyumba ambayo nguzo zake zimeoza ni kupoteza mabati.

Kisha hutengwa hatari. Katika pikapu nyingi tangi la mafuta liko chini ya sakafu, kwa hiyo huondolewa na kuwekwa mbali, na waya za betri hufunguliwa. Maji na mchanga huwa karibu. Bati bovu hukatwa lote mpaka chuma safi, na pembe za tundu hufanywa mviringo, kwa sababu pembe kali huzaa ufa. Kiraka huwa na unene unaokaribiana na wa bati la asili, nacho hushikwa kwa nukta, moja huku na moja kule, ili joto lisilipinde bati. Ikiwa ni bati la zinki, zinki huondolewa penye mshono na kazi hufanywa penye upepo, kwa kuwa moshi wake humletea fundi homa. Mwisho mishono hufungwa kwa dawa, rangi ya kuzuia kutu hupakwa juu na chini, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi mahali pa chini kabisa.

Wako wanaosema, "Tutie bati nene, tusisumbuke tena." Shauri hilo lipimwe. Sakafu yenye urefu wa mita 2.3 na upana wa mita 1.5, ikiwa ya chuma cha milimita 1.2, ina uzito wa kilo 32 na nusu hivi. Ikiwa ya milimita 3, ni kilo 81. Tofauti ni karibu kilo 49, yaani karibu gunia la kilo 50 litakalobebwa bure katika kila safari, kwenda na kurudi, maisha yote ya gari. Penye mbao nzuri kama mvule, sakafu ya mbao iliyofungwa kwa bolti juu ya mataruma mazima si aibu hata kidogo. Tumeona ya kuwa viwanda vyenyewe viliitumia miaka mingi.

WAJIBU WETU

Shida ya gari la ushirika ni kwamba lina wenyewe wengi. Mwenye pikapu yake huona uchungu akisikia bati linalia; gari la wote kila mtu hudhani mwenzake ameliangalia. Huo ndio mlango wa kutu katika ushirika, na dawa yake ni kumpa mtu mmoja wajibu kwa jina.

Kwa hiyo halmashauri ya kila chama yaweza kuagiza mambo machache. Dereva aifagie sakafu kila ashushapo mzigo, na aioshe abebapo mbolea, samadi au mrututu. Mataruma yakaguliwe kabla ya msimu wa mavuno na baada yake, mbele ya mjumbe mmoja wa halmashauri. Gari liwe na daftari lake, na kila tundu na kila kiraka viandikwe humo pamoja na tarehe na gharama. Wahenga wa ushirika wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Na fundi asilipwe fedha ya mwisho kabla mtu hajaangalia chini ya gari.

Gharama ya ufagio na ndoo ya maji hukatwa katika fedha ile ile inayotoka kwenye kila kilo ya mkulima, na gharama ya sakafu mpya hukatwa humo humo. Mwanachama ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu ni ipi iliyochaguliwa kwa niaba yake. Na uzito wa ghalani usipolingana na wa chamani, kabla ya jina la karani kutajwa mbele ya watu, turubali na liinuliwe kwanza, sakafu itazamwe.